Sala Ndefu ya Kindi

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Nikiwapa mtasinzia?
— Atakayesinzia ale pumba!
Haya, sogeeni.

Hapo kale Mzee Kiboko alikuwa mzee wa kanisa la wanyama wa mtoni. Sauti nzito, tumbo pana, na mahubiri yake kila Jumapili yale yale.

"Ndugu zangu, siku za duniani ni chache, milele ni ndefu! Msizipoteze kwenye vishamba vyenu. Njooni mlime shamba langu, mjiandalie mbingu!"

Wanyama wakalima. Wakapanda. Wakapalilia. Chwa! Chwa! Majembe mchana kutwa, na vishamba vyao vikageuka pori. Kindi alikuwa na watoto wanne, na wote wanne walikuwa wakilia njaa. Roho ilimuuma, jamani.

Siku ya mavuno, mahindi yakarundikwa uani kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee. Na sisi tutapata madebe mangapi?" akauliza Kindi.

"Marahaba. Ninyi mtalipwa mbinguni, binti yangu."

"Amina, Mzee. Basi niruhusu niombe sala ya shukrani."

"Omba. Ila fupisha, nina njaa."

Sasa, kanisani kwao, mzee wa kanisa akifumbua macho kabla ya amina, anavuliwa cheo hapo hapo. Na Kiboko na cheo chake, we! Akayafumba macho, kope zikakunjamana.

Kumbe Kindi alishawanong'oneza wenzake tangu asubuhi, na kila mmoja alikuja na kikapu.

"Tunashukuru kwa asubuhi," akaomba Kindi. Panya akabeba, nya! nya! nya!

"Tunashukuru kwa adhuhuri." Kanga akabeba, pa! pa! pa!

"Tunashukuru kwa jioni." Kobe akabeba, kwa... kwa... kwa...

Lo, Kobe huyo! Hata mlango wa ua hajaufikia. Kijasho kikamtoka Kindi. Akaiombea mito. Akaviombea vilima. Akamwombea hata mama mkwe wake, na hilo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

Kiboko akasikia vikapu vinakwaruza. "Amina?" akauliza, macho kayafumba.

"Bado, Mzee! Haraka ya nini, na milele ni ndefu?"

"Ni kweli," akaguna Kiboko. Tumbo likamnguruma, nguruuu!

Kobe akapotelea nyuma ya kilima.

"Amina!"

Kiboko akafumbua macho. Ua mtupu! Limebaki gunzi moja.

"Mahindi yangu!"

"Hongera, Mzee," akasema Kindi, keshapanda mtini. "Sala nzima hukufumbua hata jicho moja! Hakuna aliyeutumia muda wake vizuri kama wewe. Sisi wenye dhambi tulikuwa tunabeba mizigo tu."

Wiki ile watoto wa Kindi walikula ugali mpaka wakasahau kulia.

Ngano yangu inakomea hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni.

Na funzo? Wanangu, maisha ni mafupi, utumieni muda wenu kwa sala ndefu. Tena tuanze sasa hivi. Hizo karanga zenu wekeni hapa karibu yangu. Haya, fumbeni macho!
— Hatufumbi!