Bi Sikudhani na Mchi wa Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, aliye nyuma asikie. Hapo kale, kale ya bibi wa bibi zetu, palikuwa na kijiji, na kijijini ndugu wawili wa tumbo moja, Siwema na Kidawa. Walitwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Mmoja anainua, mwenzake anashusha. Tu, ta! Tu, ta! Watu wakiamka kwa sauti hiyo, wakijua kumekucha.

Masika moja Siwema akashikwa na homa. Homa ikapanda, ikapanda, haikushuka. Siwema akafa.

Watu wakaja, wakalia, wakakaa matanga. Kisha mikeka ikakunjwa, kila mtu akarudi kwake. Kidawa akabaki.

Alikuwa ananyonyesha. Wenzake walimwambia ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Naye akajikaza. Hakulia. Hakula. Usingizi ukamkimbia. Mchi wa Siwema akauficha uvunguni asiuone. Maziwa yakaanza kukauka, mtoto akanyong'onyea. Mumewe, Mbaruku, akaogopa kuchimba kaburi lingine, akamwendea Bi Sikudhani.

Huyu Bi Sikudhani alikuwa kikongwe, mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa kijiji. Alikuja polepole na kijungu cha uji. Hakutoa pole, hakutoa wasia. Alikaa chini kando ya Kidawa, akakaa sana. Kisha akamwambia watwange mtama kidogo.

"Siwezi, bibi," akasema Kidawa. "Nikiusikia mchi wangu peke yake, nitajua hayupo."

"Hayupo, mjukuu wangu. Siwema amekufa."

Tangu mazishi hakuna aliyelitaja jina hilo mbele yake. Kidawa akafumba macho. Kisha akalia. Alilia kilio cha tumboni, mpaka majirani wakaja mbio kumnyamazisha. Bi Sikudhani akasimama mlangoni.

"Mwacheni," akasema. "Mlimfunga kilio, sasa kimefunguka. Mwenye kumpenda na aingie akae naye."

Wakaingia. Kidawa alipochoka kulia, bibi akamnywesha uji. Funda moja. Funda jingine. Akalala palepale, kichwa mapajani mwa kikongwe.

Tangu siku hiyo bibi akawapangia kazi. Huyu ambebe mtoto. Huyu apike. Huyu ampeleke Kidawa kisimani, hata kama hataki, apigwe na jua na upepo. Na kila anayekuja amtaje Siwema. Mmoja akakumbusha Siwema alivyotumbukia shimo la viazi akimkimbia mbuzi. Kidawa akacheka. Mara akajiziba mdomo, akaona haya.

"Bibi, nimeanza kumsahau?"

"Huwezi. Kucheka si kusahau."

Maziwa yakarudi, taratibu. Mtoto akanenepa. Asubuhi moja Kidawa akautoa mchi uvunguni, akampa bibi. Wakatwanga. Tu... ta. Tu, tu... ta. Mikono ya kikongwe ilikuwa mizito, michi ikagongana.

"Wewe si yeye," akasema Kidawa, machozi yakidondoka kwenye mtama.

"Mimi si yeye," akajibu Bi Sikudhani. "Nimekuja tu usitwange peke yako."

Wakaendelea kutwanga.

Msidhani Kidawa alipona kama mtu aponavyo jipu. La. Miaka ilipita, na bado zilikuja siku alipogeuka kumwita ndugu yake, jina likamfia mdomoni. Siku kama hizo hakujificha tena. Alikwenda kwa jirani akasema, "Leo nimeelemewa," akakaa hapo mpaka moyo utulie.

Bi Sikudhani naye alikufa, uzee ulimchukua. Lakini kijiji kile mpaka leo kina desturi. Mikeka ya matanga ikishakunjwa, watu wote wakishaondoka, kesho yake mtu hubisha hodi kwa mfiwa na kijungu cha uji. Mfiwa huuliza, "Nani?" Naye, awe mwanamke, awe mwanamume, hujibu, "Sikudhani." Akafunguliwa mlango.

Basi mkifiwa, lieni, kuleni, semeni. Na mwenzenu akifiwa, msimwachie ukimya. Mtajieni jina la mpendwa wake, mkae.

Hadithi yangu imetua hapo, nami nimeutua mzigo wake mikononi mwenu.