Chupa Iliyofungwa Foili

Anayemchimbia mwenzake kisima huwa hatazami miguu yake mwenyewe. Ndivyo yalivyomkuta mtafiti mmoja aliyeitwa Dada Mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuajiriwa katika maabara ya chai za mitishamba.

Kazi yao ilikuwa kukamua dawa kutoka kwenye majani na kuipima kama inatuliza uvimbe na kuzuia sumu inayoila miili yetu kama kutu inavyokula chuma. Dada Mkubwa alishughulikia mchaichai. Mwenzake, binti mpole waliyembandika jina la Kimya, alishughulikia mrehani. Mkuu wa maabara alikwisha kutangaza kwamba dawa moja tu ndiyo itakayopelekwa kwa wagonjwa wa viungo, na aliyeitengeneza ataongoza kazi hiyo.

Tangu hapo wivu ukamkaa Dada Mkubwa rohoni. Kimya akisifiwa, yeye alihisi ametukanwa. Akaacha hata kuitikia salamu zake.

"Mtoto wa juzi huyu!" alinung'unika. "Mimi niliyekula chumvi nyingi humu ndani nije kumbebea mkoba?"

Asubuhi ya kipimo alimwona Kimya akiifunga chupa kwa foili, taratibu kama anayemvika mtoto mchanga, kisha akaiweka ndani kabisa ya friji. Roho ilimuuma. Wenzake walipokwenda kula, aliitoa, akalegeza kizibo na kuiweka juu ya jiko la umeme hadi dawa ikatokota, akijua moto mkali huua nguvu yake. Ilipopoa aliirudisha, akapangusa mikono na kutabasamu.

Siku ya majibu, Mkuu aliwaita wote wawili.

"Mrehani umetuliza uvimbe vizuri mno," alisema. "Mchaichai haukufanya kitu, utadhani maji ya kuoshea vyombo. Kimya, utaongoza wewe."

"Haiwezekani!" Dada Mkubwa aliruka. "Dawa yangu ilikuwa nzima!"

Kimya alimtazama kwa huruma. "Pole, dada. Chupa yako niliikuta ina ufa. Nikahamishia dawa kwenye chupa nyingine, nikaandika jina lako kitakoni, nikaifunga foili isipigwe na mwanga. Nilitaka kukwambia, lakini hukuitikia salamu yangu. Kumbe sikuiokoa."

Dada Mkubwa akaikumbuka chupa ile ya foili ikitokota juu ya jiko. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kulea cha mwenzake namna ile.

Hakika, mchimba kisima huingia mwenyewe.