Ndoto ya Sange na Njia ya Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo ukungu wa alfajiri ulilala juu ya majani mpaka ulipochoka wenyewe, palikuwa na mji wa wanyama ndani ya msitu, ukiitwa Mvumoni. Wanyama wa Mvumoni walikuwa na nyumba zao, wakiamkiana asubuhi, wakikaribishana kahawa, na kila Ijumaa alasiri wakikutana barazani.

Katika mji huo aliishi Sange. Mnamjua Sange? Ni kinyama kidogo mno, mwepesi kama jani lililopeperuka, mwenye miguu myembamba kama njukuti na pua ndefu inayochezacheza mfano wa mkonga. Kwa ajili ya pua hiyo alimwita Tembo mjomba, na Tembo hakupendezwa hata kidogo.

Sange alikuwa yatima. Aliyemlea ni Bibi Kakakuona, ambaye sasa alikuwa ajuza, macho yake yamefifia kama taa inayokwisha mafuta. Hata hivyo, kila alfajiri Bibi alishika kibuyu chake akaenda peke yake chemchemi. Hakuiona njia, aliijua. Nyayo zake zilimwambia: hapa pana jiwe lenye ubaridi, hapa pana mzizi wa kuinamia, hapa pana kona inayonukia mrehani, na nyuma ya kona, maji. Hapo alitawadha, akanywa, akarudi akinong'ona nyiradi zake, na moyo wake ukatulia siku nzima.

Sasa, njia zote za Mvumoni zilikuwa mikononi mwa Shirika la Njia, na Shirika lenyewe lilikuwa la wakubwa wawili: Bwana Tembo na Bwana Kiboko.

Siku moja Kiboko alitoa kichwa majini, akapiga miayo, akasema, "Ndugu yangu, nina wasiwasi. Wanyama wanakwenda, wanarudi, na hakuna hata mmoja anayetutaja."

"Si ndiyo kazi ya njia?" akauliza Tembo.

"Ah! Wakituzoea, watatusahau. Tuwape kitu kipya."

"Kwani wameomba?"

"Watajuaje cha kuomba, nasi hatujawaletea?"

Neno hilo lilimpendeza Tembo, maana miguu yake ilikuwa ikimwasha kwa kukosa kazi. Kabla ya mapambazuko akaingia njiani. Tindi! Tindi! Tindi! Akanyoosha palipopinda, akapanua palipobana, akang'oa mzizi, akalisukuma jiwe kando.

Wanyama walipoamka walikuta njia pana, nyeupe, iliyonyooka kupita kiasi. Ila haikwenda majini moja kwa moja! Ilianzia kwenye vibanda vya maboga ya Tembo, ikazunguka nyumba ya Kiboko ili kila mpitaji aisifu, ndipo ikatumbukia chemchemi kupitia vichaka vya mbigili. Vibao vilivyokuwa na majina viliondolewa, vikawekwa vyenye picha. Picha ya jani maana yake maji. Picha ya maji maana yake soko. Palikuwa na picha ya jicho pia, na mpaka leo hakuna anayejua maana yake.

Na njia ya zamani? Ilizibwa kwa miiba, na juu ya miiba pakatundikwa ubao: NJIA HII HAIHUDUMIWI TENA. HONGERA!

Penye lango la njia mpya, ndani ya pango la mti, waliwekewa Kasuku wa kuwahudumia.

"Karibuni, karibuni!" akapiga kelele Kasuku. "Je, umeipenda njia mpya? Jibu: Ndiyo, au Ndiyo baadaye!"

Digidigi akainua shingo. "Na kama sikuipenda?"

"Umechagua Ndiyo baadaye. Ahsante sana!"

Siku hiyo Bibi Kakakuona hakurudi asubuhi, wala adhuhuri. Sange alimkuta jua likishuka, amekwama katika mbigili, miiba imeingia baina ya magamba yake, kibuyu kikavu.

"Mwanangu," akasema Bibi kwa sauti ndogo, "nani amehamisha maji?"

"Maji yapo, Bibi. Wamehamisha njia."

"Kwani ilikuwa imeharibika?"

"Haikuwa imeharibika."

Bibi akapapasa kibuyu chake kikavu. Kisha akasema, "Basi ni mimi niliyeharibika."

Tangu hapo hakutoka. Sange alimletea maji kwa kibuyu, naye akalowesha midomo, akakiweka kando. "Nashukuru, mwanangu. Lakini kiu yangu ilikuwa ya kwenda." Kila kukicha alijikunja zaidi, kama wafanyavyo kakakuona wenye hofu, mkia juu ya kichwa. Sange akaogopa: iko siku Bibi atajikunja, asikunjuke tena.

Akaenda mbio kwa Kasuku. "Rudisheni njia yetu!"

"Ahsante kwa maoni yako. Maoni yako ni muhimu kwetu."

"Bibi yangu anateketea kwa kiu!"

"Ahsante kwa maoni yako."

"Wewe Kasuku huna akili!"

"Maoni yako ni muhimu kwetu."

Lo! Sange akaona anasema na gogo. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Tembo, akamkuta amejipumzisha kivulini, masikio yakimpepea: pwaa, pwaa. Kiboko alikuwa pembeni, ndani ya dimbwi lake.

"Hodi! Hodi kwa mjomba!"

"Nani huyo? Tangu lini panya akawa mpwa wa tembo?"

"Si panya, mjomba. Itazame pua."

"Ho! Ho! Ho! Sema haraka, pua."

"Shikamoo, mjomba. Njia mpya imetushinda. Wazee wanapotea. Turudishieni ile ya kwanza."

"Marahaba. Mtazoea," akasema Tembo.

"Watazoea," akaitikia Kiboko.

"Lakini wewe mwenyewe, mjomba, umewahi kuipita? Hii au ile?"

Tembo akashangaa kweli. "Mimi? Nikitaka maji napita popote. Miti hunipisha."

"Nami naishi majini," akasema Kiboko. "Niende majini kufanya nini?"

Wakacheka hadi dimbwi likafurika. Sange akarudi nyumbani, pua imelegea.

Mchana huo joto lilitanda, na msitu wote ukawa kama unaogelea ndani ya asali. Sange akajilaza kando ya Bibi, usingizi wa kailula ukamchukua. Akaota. Aliiona njia ya zamani, imejipinda kama nyoka aliyelala, na jiwe lake, na mzizi wake, na harufu ya mrehani ikija kabla ya maji. Nayo ilikuwa ikiondoka ardhini polepole, ikielea, ikipita mlangoni kwao kumtafuta Bibi. Akaamka mashavu yake yamelowa.

"Bibi, nimeota njia yetu."

"Heri, mwanangu, heri na baraka," akajibu Bibi, kwa kuwa ndivyo ndoto ijibiwavyo. "Ila ihifadhi. Ndoto njema asimuliwe akupendaye tu. Asiyekupenda atakupokonya, aiite yake."

Yafaa mjue, wanangu, kwamba Mvumoni ndoto ilikuwa amana. Aliyeota alisimama barazani akasimulia, watu wakaitikia "Heri", na tangu hapo haikuongezwa neno wala haikupunguzwa. Mwenye kuibadili ndoto yake alihesabiwa kuwa amemzulia Mola uongo. Hakuketi tena barazani, wala hakuna aliyeitikia salamu yake.

Sange akakaa kitako. Pua ikaanza kucheza. "Umesemaje, Bibi? Atanipokonya?"

"Atakupokonya, ndiyo."

"Aiite yake?"

"Mbona unacheka?"

Lakini Sange alikwisha toka, purukushani, vumbi tu mlangoni!

"Hodi kwa mjomba!"

"Umerudi, pua?" akanguruma Tembo. Safari hii alikuwa peke yake.

"Sikuja kulalamika. Nimeota ndoto imenizidi ukubwa, nami sina mkubwa mwingine wa kumsimulia. Nimeota njia."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Njia?"

"Njia, mjomba, ambayo mkono wako haujaitengeneza bado. Haikunyooka, imelala kama nyoka aliyeshiba. Panapoanza pana jiwe lenye ubaridi wa kuugusa unyayo. Mbele yake mzizi umejenga upinde, kila apitaye huuinamia kama anayesalimu. Kisha kona, na kona inanukia mrehani. Na nyuma ya kona, maji, mjomba, yametulia kama jicho la mtoto aliyelala."

Akasimulia pole pole, kwa sauti laini, na Tembo akasinzia na macho wazi, mkonga ukichora kona hewani. Hakuna neno la uongo alilolisema Sange. Wala Tembo hakuitambua njia ile. Angeitambuaje, naye hakuwahi kuipita ila usiku ule alipoivunja gizani, bila kutazama alichokanyaga?

Sange aliponyamaza, Tembo akazinduka, akakohoa. "Ndoto dhaifu. Ndoto ya tumbo lililovimbiwa. Isahau, na usimsimulie mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Ijumaa ikafika. Baraza likajaa, Sheikh Korongo akaketi mbele, mabawa ameyakunja kama joho. Tembo akasimama katikati, akasafisha koo: "Enyi wakazi wa Mvumoni! Nimeota!"

Akaieleza yote. Jiwe, mzizi, kona, mrehani. Kila alipotaja kitu, wanyama wakatazamana.

Digidigi hakuweza kujizuia. "Lakini hiyo si ndiyo ile nj..."

Sange akamfinya. "Shh! Sema heri, bwana!"

"Heri!" akaropoka Digidigi.

"Heri na baraka!" wakaitikia wote.

Sange akanyanyua kidole. "Mjomba, samahani. Katika ndoto hiyo, uliona pa kurekebisha? Penye kupungua, walau jani moja?"

"Hapana!" akasema Tembo, kifua kimejaa. "Imekamilika. Hakuna jani la kuongeza wala la kuondoa!"

"Na umeiota mwenyewe?"

Tembo akamtazama Sange, na Sange akamtazama Tembo, macho yake madogo yamejaa unyenyekevu.

"Mwenyewe," akasema Tembo.

"Imeshuhudiwa," akasema Sheikh Korongo, akafumba macho.

Kesho yake kishindo kilisikika tena. Tindi! Tindi! Jiwe likarudishwa, mzizi ukapandwa, kona ikakunjwa, Sange akishika uongozi: "Kushoto kidogo, mjomba, kama ulivyoota!" Na vile vibao vya picha wanyama walivipeleka majikoni.

Alfajiri iliyofuata Sange alimshika Bibi mkono hadi mlangoni, akamwachia. Bibi akatoa mguu mmoja, kwa woga. Unyayo ukagusa ubaridi.

"Jiwe," akanong'ona.

Akaenda. Ukungu ulikuwa umemzunguka kiunoni, na kwa mbali alionekana kama anayeelea. Akauinamia mzizi bila kuambiwa. Akapotea kwenye kona. Sange akasimama, hapumui, mpaka aliposikia, chubwi! kibuyu kikizama, na sauti ya Bibi ikimshukuru Mungu.

Masika yakaja, yakapita. Kiboko akatoa kichwa majini. "Ndugu yangu, wameshazoea tena. Hawatutaji."

Miguu ya Tembo ikaanza kuwasha. Asubuhi moja akaja, akasimama juu ya kona ya mrehani, akainua mguu wa mbele, mpana kama kinu.

"Mjomba!"

Sange alikuwa ameketi katikati ya kona, hata ukubwa wa ukucha wa Tembo hafiki.

"Toka, pua. Naipindua kona hii."

"Karibu, mjomba. Ila niambie kwanza: unaibadili ndoto yako, au ile ya mwanzo hukuiota?"

Mguu ukakwama hewani. Vichaka vikachakacha. Digidigi akatoa kichwa, na nyuma yake wanyama wa mji mzima, na nyuma yao Sheikh Korongo, akija hatua kwa hatua.

"Alisema hakuna jani la kuongeza," akasema Digidigi.

"Wala la kuondoa! Wala la kuondoa!" akaitikia Kasuku kutoka kwenye pango lake, kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza alikuwa amepata neno jipya la kusema.

Tembo akainamisha kichwa mpaka pumzi yake ikampeperusha Sange masharubu. "Ilikuwa ndoto yako," akanong'ona. "Uliniletea makusudi."

"Sema kwa sauti, mjomba, wazee wasikie."

Tembo akalitazama baraza lililomjia mpaka pale. Akamtazama Korongo. Hatimaye akaurudisha mguu nyuma, taratibu, akaushusha pale pale ulipotoka.

"Nilikuwa nanyoosha goti," akasema.

"Pole, mjomba," akasema Sange.

Akapisha, kwa kuwa Bibi Kakakuona alikuwa akija na kibuyu chake, akinong'ona nyiradi, na Tembo naye, ajapokuwa mkubwa vile, ilimbidi arudi nyuma kumwachia njia.

Shikeni hili, wanangu: mkubwa asiyeipita njia ya wadogo asiibadilishe pasipo kuwauliza wanaoipita.