Vifuniko vya Makopo Mawili

Wahenga waliposema mficha maradhi kilio humuumbua, walimlenga mtu anayeufunika ugonjwa wake kwa haya au kwa woga, mpaka siku ugonjwa wenyewe upaze sauti na kila mtu asikie. Lakini hawakusema kilio hicho kitakuwa cha nani. Mara nyingine mgonjwa hukaa kimya, na kinacholia ni bati.

Nyuma ya nyumba moja yenye ukuta wa matofali palikuwa na karakana ya kupaka magari rangi. Sakafu yake ilijaa madoa ya kila rangi iliyowahi kupita pale, na Kitinda, binti wa mwisho wa mwenye karakana, aliyasoma madoa hayo kama wengine wanavyofungua albamu ya picha. Doa la kijani mlangoni lilikuwa la mwaka aliong'oka meno ya mbele. La manjano, chini ya dirisha, lilikuwa la teksi iliyopakwa wakati mama yake yu hai, akiimba huku anaanika nguo uani.

Baba yake alijulikana mtaa mzima kwa jina la Msasa. Mteja akimwambia, "Fundi, piga rangi tu, nina haraka," jibu lilikuwa lile lile: "Rangi ni nguo, bwana. Nani anavaa nguo safi kabla ya kuoga? Niache niliogeshe gari lako kwanza."

Mama alipofariki, Kitinda aliacha shule akiwa darasa la tano, akawa mwanafunzi wa baba yake. Msasa hakufundisha kwa maneno mengi. Alimfunga binti kitambaa machoni, akamwekea kiganja juu ya mlango wa gari na kumuuliza, "Kutu iko wapi?" Kitinda alipapasa, akakosea, na baba akacheka hadi akakohoa.

"Jicho hudanganywa na mng'aro, mwanangu. Kidole hakidanganyiki. Papasa tena."

Siku hizo zilinukia thina ya kuyeyushia rangi na vumbi la msasa, na hata alipokuwa mtu mzima, harufu hiyo ilimrudishia utoto wake mara moja, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Miaka ikapita. Mwaka wa sita tangu msiba, Kitinda aliona mambo. Baba alianza kuruka mabaka ya kutu. Alimimina chai nje ya kikombe. Jirani akipita, hakumsalimu mpaka amsikie sauti. Kitinda alielewa, lakini alikuwa msichana wa haya, maneno yake haba kama mvua ya kiangazi. Kumwambia baba, fundi wa sifa zile, "Huoni," kwake ilikuwa sawa na kumvua nguo hadharani. Basi alinyamaza. Baba alipoingia ndani kula chakula cha mchana, yeye alibaki nyuma akisugua paliporukwa na kupaka palipoachwa. Kisha aliyafuta makopo ya rangi, akayafunika na kuyapanga. Wateja waliendelea kusifu, "Msasa ni yule yule!" na baba alitabasamu akitazama pembeni kidogo ya uso wa msemaji.

Uani palikuwa na gari la familia, limelala juu ya matofali tangu mama alipofariki. Zamani, kila Jumapili, Msasa aliwapakia wote na kuwapandisha kilimani hadi kwenye tangi la maji la mtaa. Mama alikaa mbele, chupa ya chai mapajani, na kwenye kona kali za kushuka upande wa pili alipiga ukelele wa furaha kama mtoto. Wenyewe waliziita kona za Mama.

Miaka miwili ikapita hivyo, kisha Kaka, mtoto wa kwanza ambaye alikuwa dereva wa lori mbali na nyumbani, alipiga simu kwamba anakuja kwa siku mbili. Msasa alichangamka kama mche uliomwagiliwa maji.

"Gari la mama yenu litatembea! Tutapanda kilimani kama zamani."

Fundi wa injini alikuja, akaifufua injini. Likabaki bati moja, lile linalofunika mabomba ya moshi yanapotoka kwenye injini, ili joto lisiunguze nyaya. Lilikuwa limeliwa na kutu hadi likawa jekundu kama udongo.

"Nipe, Baba, nilisugue mimi," Kitinda alisema.

"Hili hapana. Mara ya kwanza nililipaka mama yako akinishikia. Hili ni langu."

Alilifanyia kazi siku tatu, brashi ya waya kwanza, msasa wa mchanga mkubwa, kisha mwororo. Kitinda alichungulia mlangoni, moyo juu juu. Lakini bati lilitoka jeupe, safi, bila hata doa la kutu. Baba akalifuta kwa thina na kulipaka rangi ya fedha, nyembamba, tabaka juu ya tabaka, likang'aa kama sufuria mpya. Kitinda alishusha pumzi. Labda baba anaona, alijiambia. Labda mimi ndiye mwenye macho mabaya.

Rangi ya bati la aina hiyo, rangi ya moto inayostahimili joto, hupikwa kwa joto la injini lenyewe. Unawasha dakika kumi, unazima, unaacha ipoe, unawasha tena kwa muda mrefu zaidi. Lakini Kaka alikuwa amefika, na siku zilikuwa mbili tu.

"Itajipika njiani," alisema Msasa, na Kitinda alishangaa, kwa maana hakuwa amewahi kumwona akikatiza kazi.

Asubuhi ya Jumapili Kaka alinyoosha mkono kuomba ufunguo. Msasa aliuficha nyuma ya mgongo. "Gari langu, usukani wangu. Wewe kaa nyuma kama zamani."

"Haya, mkubwa."

Kitinda alikaa mbele, kiti cha mama. Gari liliondoka polepole mno.

"Baba, umebeba mayai?" Kaka alicheka.

"Kushoto kuna mtaro, Baba," Kitinda alinong'ona. "Sasa kulia kidogo. Mbele kuna mwenye baiskeli."

"We Kitinda, tangu lini umekuwa utingo?"

Baba hakucheka. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Walipoanza kupanda, alisema, "Tukifika kwenye tangi hatutageuza. Tutashuka upande wa pili, kwenye kona za Mama."

Kitinda aliganda kama jiwe. Barabara ya kupanda baba aliijua kwa moyo, lakini zile kona zilikuwa na bonde upande mmoja. Sema, alijiambia. Sema sasa. Alifungua kinywa, akasema tu, "Kulia kidogo, Baba." Tangi lilikuwa limeshaonekana.

Hapo ndipo harufu ilipoingia.

"Moshi kidogo ni kawaida," alisema Msasa. "Rangi inaiva."

Lakini moshi uliongezeka, mweusi, unaowasha macho, ukifukuta kutoka chini ya boneti.

"Baba, simama!" Kaka alipiga kelele. "Simama!"

Msasa alikanyaga breki. Kaka alishuka mbio, akatazama gurudumu la mbele na kusimama kama aliyepigwa na butwaa. Lilikuwa shubiri moja kutoka ukingo wa mtaro mkubwa. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akaenda kufungua boneti.

Rangi ya fedha ilikuwa imevimba malengelenge na kuungua, ikimenyuka vipande vipande. Chini yake bati lilibaki safi.

"Limekuwaje?" Msasa aliuliza, akisimama mbele ya bati lile lile.

Kitinda alilia. "Baba, si unaliona?"



"Nilipaka ile ya moto," baba alisema taratibu. "Makopo yanafanana, lakini ya moto nimeitia alama mbili za msumari kwenye kifuniko, na ile ya kawaida alama moja. Nilizigusa kwa kidole changu."

"Alama gani, Baba? Mimi ndiye ninayeyafuta makopo na kuyafunika. Sikujua kama vifuniko vina wenyewe."

"Unayafuta kwa nini?"

"Nikishamaliza kusugua ulipopaacha."

Msasa aliketi kwenye ukingo wa barabara. "Kumbe ulijua."

"Nilijua, Baba. Niliona haya."

"Na mimi niliona haya," alisema Msasa, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilisema, wakijua, karakana itafungwa, nami nitakaa kwenye kiti kungoja kulishwa."

Kaka alipangusa uso. "Nyumba moja, siri mbili, na sisi watatu nusura tuzikwe pamoja," alisema. "Nipeni ufunguo."

Kesho yake walikwenda kwa daktari wa macho. Daktari alimulika jicho moja, kisha la pili, akavuta kiti karibu.

"Mzee, jicho la kushoto limekwisha, haliwezi kurudi. Hili la kulia tutalilinda kwa dawa ya matone, kila siku bila kukosa. Mngekuja miaka miwili iliyopita, mngekuwa na mawili."

Kitinda aliihesabu miaka hiyo miwili kwa magari aliyoyasugua kwa siri, moja moja, na kila moja lilimchoma.

Wiki iliyofuata bati lilirudi karakanani. Msasa alilisugua upya kwa vidole vyake. Kitinda alishika kopo na, kwa mara ya kwanza, alisoma maandishi kwa sauti kubwa hata jirani akasikia: "Ya moto, Baba!" Walipaka pamoja, mmoja ameshika, mwingine anapuliza, kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Wakawasha dakika kumi, wakazima, wakangoja. Tone moja la fedha lilidondoka sakafuni, kando ya doa la manjano, na Kitinda hakulifuta.

Kaka aliporudi kwa likizo nyingine, ndiye aliyeshika usukani. Msasa alikaa mbele, chupa ya chai mapajani. Kwenye kona za Mama alifumba jicho lake moja na kupiga ukelele, na chini ya boneti bati lilikaa kimya, kwa kuwa halikuwa tena na la kufichua. Lakini jicho la pili halikurudi kuziona kona zile, na hapo ndipo Kitinda alipoamini kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.