Bomba Lililopita Juu ya Jiwe

Wahenga waliponena kwamba mkataa pema pabaya panamwita, walimaanisha kuwa anayelipa kisogo jema lililomfuata mlangoni hujitafutia baya mwenyewe. Teodora aliijua methali hiyo tangu shuleni, lakini wivu ukishamkaa mtu rohoni, methali hazisikiki.

Aliishi kwenye kilima cha mawe juu ya Nyegezi. Pale ukipiga sururu kidogo tu unagonga mwamba, hivyo makaro ya vyoo yalikuwa mafupi na yalijaa upesi, na gari la kunyonya halikuweza kupanda. Mvua ikinyesha, watu walifungulia makaro yao, uchafu ukateremka na maji hadi ziwani, na kila mtu akajifanya hanusi kitu.

Ndipo wataalamu wa majitaka wakaja kupanga njia ya bomba la kuunganisha nyumba zote. Wakazi wakamchagua Kokulinda, jirani yake Teodora, awe kiongozi wa mpango huo. Lo! Kijiba cha roho kikampanda Teodora. Kokulinda huyu aliyehamia juzi kutoka Bukoba? Ua wake usifiwe, wageni waanzie kwake, na sasa hata vyoo vya mtaa avisimamie yeye? Njia iliyofaa ilipita nyuma ya jiko la Teodora. Akakataa katakata, akisingizia migomba yake.

Kokulinda alimfuata jikoni. "Mama Hellen, kama una neno na mimi, unaweza kunisema utakavyo. Lakini bomba likipita juu ya lile jiwe kubwa la huko mlimani, nyumba yako itabaki chini yake, na maji hayapandi mlima."

"Lipite hata mbinguni," Teodora akajibu, akaendelea kupepeta mchele.

Basi likapitishwa juu ya jiwe. Majirani wakaunganishwa, wakafukia makaro yao, akabaki yeye peke yake.

Haukupita muda, binti yake wa pekee, Hellen, akachumbiwa na kijana wa Sengerema. Teodora alifurahi mara mbili: mwanawe kupata mume, na Kokulinda kuchungulia sherehe kutoka uani kwake. Tatizo lilikuwa karo la choo. Lilikuwa limejaa pomoni, naye hakuthubutu kulifungulia. Zamani wote walifungulia, nani angemnyooshea mwenzake kidole? Sasa harufu ilikuwa na mwenyewe.

Washenga wakavuka na kivuko, wakaketi, sato akaanza kupakuliwa. Mara maji meusi yakafurika, yakatambaa uani hadi miguuni pa wazee. Shangazi wa kijana akainua kitenge chake, akauliza kwa upole choo kiko wapi.

"Karibuni huku kwangu, shangazi," Kokulinda akaita, lango lake likiwa wazi.

Wakaenda mmoja mmoja, na hakuna aliyerudi. Mahari ya Hellen ikazungumzwa na kukubaliwa uani kwa Kokulinda. Teodora alifika mwisho, sinia la samaki mkononi, akasimama mlangoni. Kokulinda akamvutia kiti.

"Karibu, Mama Hellen. Jisikie nyumbani."

Akaketi, mgeni katika posa ya mwanawe mwenyewe. Hakika, mkataa pema pabaya panamwita.