Jioni Kengele Ilipofungwa Ulimi

Wako watu ambao ukimya wao hutikisa kuliko kelele za wengine. Kabemba, mpiga kengele wa kanisa kuu mjini Kolwezi, alikuwa mmoja wao.

Kwa miaka mingi alivuta kamba pamoja na Kanku, rafiki yake, ambaye wazazi wake walitoka jimbo la mbali la Kasai. Kila asubuhi, na kila jioni saa kumi na mbili, kengele ililia kuwaita watu kwenye sala. Ilinyamaza tu kuanzia Alhamisi Kuu hadi mkesha wa Pasaka, Bwana akiwa kaburini.

Mwaka 1993, Kwaresima ikiwa katikati, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa mjini kama kuku wa jirani. Kanku na jamaa zake walijifungia ndani, wakitoka kwa sala ya jioni tu, kwani waliamini kanisani hawataguswa. Vijana wenye mapanga walilijua hilo. Jioni moja walijificha nyuma ya kanisa, na kiongozi wao, Dady, akamkabili Kabemba.

"Tata, piga kengele. Bilulu bitatoka mu nyumba byenyewe."

Ndivyo walivyowaita majirani zao: wadudu. Kabemba akainua macho kuutazama mnara.

"Uko kiziwi, ao na we ni Mukasai?"

Mzee akaonyesha kopo la grisi, akapanda mnarani kana kwamba anakwenda kulainisha vyuma. Huko juu akaliweka kopo chini. Akavua koti, akaufunga nalo ulimi wa kengele, akakaza kwa mshipi wake. Kisha akashuka, akashika kamba.

Akavuta. Kengele iliyumba huku na huko, sauti haikutoka. Akavuta tena, jasho likimtiririka, macho yake kwa Dady. Saa kumi na mbili ikapita.

Nyumbani kwa Kanku, watoto walikuwa wamekwisha kuvaa viatu. Kanku alisimama mkono mlangoni, akatega sikio. Kimya, ilhali Alhamisi Kuu ilikuwa bado.

"Asubui ililia muzuri," akamwambia mkewe, Mado, polepole. "Kabemba anatuonya, kule kuko kifo. Tusiende. Tupite nyuma, twende ku gare."

Nyumba kwa nyumba, watu walielewa vivyo hivyo. Giza lilipoingia walikuwa wamefika gare, stesheni ya reli, ambako wenzao walijaa wakingoja treni chini ya ulinzi wa askari.

Vijana walipolikuta koti kwenye kengele, walimpiga Kabemba hadi mikono ikavunjika. Walipomlazimisha aseme, alitamka maneno machache tu:

"Kengele inaita batu ku sala, haibaite ku mutego."

Hakuishi kuiona Pasaka. Alizikwa bila Kanku, aliyekuwa njiani kwenda Kasai, nchi asiyowahi kuiona.

Kengele ile imelia mara nyingi tangu hapo, lakini haijasikika mbali kama jioni ile. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.