Theluji ya Kibo na Mguu wa Somoe

"Kuiona theluji si kuikanyaga."

Ndivyo Mama Nsia, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, alivyomwambia mjukuu wangu Aikaeli asubuhi ya leo, huku akimrudisha mbuzi wetu wa Krismasi kwa pembe. Alikuwa amemkuta katikati ya migomba yake, anatafuna, na kamba bado inaning'inia shingoni. Aikaeli alikuwa amepewa kisu kwa sababu alituhakikishia kwamba kazi anaijua; ameona mbuzi akichinjwa hapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, kila Krismasi tangu akiwa na miaka minne. Mbuzi, nadhani, hakuwa na habari hiyo.

Sasa mmejazana jikoni mnaota moto, na dada yake Aikande ananiuliza methali ile imetoka wapi, maana shuleni hakuikuta. Hukuikuta, mjukuu wangu, kwa kuwa ni changa kuliko mimi. Hii haikuachwa na wahenga. Ilitokana na mguu uliovunjika, na aliyesababisha mguu ule uvunjike ndiye huyu mnayemwona na kikombe cha chai. Ilianza hivi.

Mwaka wa sabini na nane nilipelekwa Norwe kusomea misitu. Watanzania tulikuwa wawili tu chuoni: mimi, na msichana wa Lindi aliyeitwa Somoe Nandonde. Somoe alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na makali, na alikuwa na jambo moja kichwani. Kiangazi kikifika, kila mwanafunzi alitakiwa kutembea msituni miezi mitatu akipima miti. Asiyetembea hapati cheti. Na wilaya yake haikuwa imewahi kumpeleka msichana kusoma nje. Aliniambia siku ya kwanza tulipokutana, "Kaka Ndekirwa, mimi nikirudi mikono mitupu, hakuna msichana mwingine atakayepewa nafasi hii. Watasema si tulijaribu." Kwa hiyo alisoma kama mtu anayefukuzwa.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nawaambia vijana mnaotamani kwenda nje: hakuna anayewatajia uchovu. Majira ya baridi kule, jua huchungulia saa tano na kuondoka saa nane, kama mgeni anayeogopa kukaribishwa chakula. Unavaa nguo nusu saa, unazivua nusu saa. Nikitoka darasani nilikwenda kuosha masufuria ya kantini, na kila aliyenikuta pale kwenye sinki aliniuliza swali lilelile: umewahi kuona theluji? Wa kwanza nilimweleza vizuri. Wa ishirini nilimweleza. Alipofika wa arobaini nilikuwa na sufuria kubwa mikononi na mgongo unaniuma, nikajibu kwa mkato, "Nimezaliwa chini ya theluji, nimekulia chini ya theluji." Nikamchukua hadi chumbani nikamwonyesha picha ya Kibo, kilele cha mlima wetu, niliyoibandika juu ya kitanda.

Uongo uko wapi hapo? Haupo. Mlima si huo hapo nje? Lakini ukimpa mtu nusu ya ukweli, nusu iliyobaki anaimalizia mwenyewe. Wiki haikuisha, chuo kizima kilijua kwamba Mwafrika yule mrefu ni mtu wa theluji, huenda anateleza kuliko wenyeji. Ningeweza kuwasahihisha. Kwanza niliona uvivu. Baadaye, niseme kweli, nikaona raha. Maswali yalikwisha, na watu wakaanza kunipisha mlangoni.

Mwezi wa tatu, chuo kikatupeleka wanafunzi wa kigeni mlimani tukajifunze kuteleza. Kwa msiojua, mtu hufungwa ubao mwembamba kila mguu, mrefu kukaribia kimo chake, akapewa fimbo mbili, kisha akaachwa ateremke na mlima. Wenyewe wanaiita starehe. Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja, Arvid, mwenye uso kama gome la mti na asiyependa kusema neno mara mbili. Akatugawa. Wasiojua wabaki kwenye kiteremko kidogo cha watoto. Wanaojua wapande juu, kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya.

Kila mtu akanitazama mimi. Nikapiga hatua moja kwenda upande wa wanaojua. Hatua moja tu, wajukuu zangu. Nimeteremka milima mingi tangu siku ile, lakini hakuna hatua iliyonichosha kama hiyo.

Somoe alikuwa wa kubaki na watoto. Lakini alipoona nakwenda, akamwendea Arvid. "Huyu ni ndugu yangu wa nyumbani. Nikiwa naye nitajifunza haraka, na kwa lugha yangu." Arvid akanikazia macho. "Unaweza kumwangalia?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikutumia hata mdomo.

Tukapanda. Kiti kile kinapita juu ya vilele vya miti, miguu inaning'inia na mbao zake nzito kama mizigo ya kuni. Huko chini nilimsikia Arvid akiwapigia kelele wanafunzi wake: inameni mbele, kifua kielekee bondeni. Nikacheka moyoni. Mtu gani mwenye akili anainamia kule anakoogopa kuangukia?

Tulipofika juu, wenzetu waliotangulia walikwisha kuteremka, wamebaki kuwa vidoa vyekundu na vya bluu mbali sana. Viti vilirudi chini vitupu, na kibao kilikataza watu kushuka navyo. Njia ya kurudi ilikuwa moja, nayo ilikuwa nyeupe.

Somoe akatazama bonde, akanitazama mimi. "Kaka, unafanyaje?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi yangu ya mwisho, na ilikuwa nafasi nzuri. Hapakuwa na mtu wa kunicheka ila yeye. Ningesema, dada, sijui, tuvue mbao tushuke kwa makalio. Lakini nilikuwa nimeubeba ule umaarufu miezi mitatu, na mzigo ukishazoea bega, kuutua nako ni kazi.

Nikamfundisha. Nilimfundisha nini? Nilimfundisha ninachokijua. Mnajua jinsi bibi zenu wanavyoteremka hapa wakati wa masika, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, udongo umekuwa sabuni: mgongo nyuma, kisigino mbele, unakita. Tangu utoto sijaanguka kwenye matope nikifanya hivyo. "Egemea nyuma," nikamwambia. "Usiinamie bonde. Kita visigino. Mimi natangulia, wewe nifuate."

"Una hakika?"

"Somoe, hii ni theluji. Kwetu ipo."

Nikatangulia. Sikufika hata umbali wa kutoka hapa hadi kwenye mfereji. Kumbe ukiegemea nyuma, mbao zinakukimbia kama ng'ombe aliyeona zizi. Zikanitoka chini, nikaangukia kisogo, ubao mmoja ukachomoka na kwenda zake. Nikiwa chali nikamwona Somoe anapita. Alikuwa ameegemea nyuma barabara, kama nilivyomwelekeza, visigino vimekitwa, anapaa. Mwanafunzi mwema. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye miti, nikasikia kitu kama tawi kavu likivunjika. Nilijipa moyo kwamba ni tawi.

Tulikuwa na hatua kama hamsini kati yetu. Nikauvua ubao uliobaki nikakimbia kumfuata, na hatua ya kwanza ikanizamisha hadi kiunoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba theluji ni kitu chenye kina. Miaka ishirini na minne nimeitazama mlimani kwetu ikiwa tambarare na safi kama shuka, haikunijia hata mara moja kwamba mtu anaweza kuzama ndani yake. Unauchomoa mguu huu, ule unazama. Jasho linakutoka, kisha jasho lenyewe linaganda. Hatua hamsini zile zilinichukua karibu saa nzima, na nilipofika nilianguka kando yake kama gunia.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia upande usio wake. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikavua koti nikamfunika. Nikaita watu hadi sauti ikakauka, na mlima ukaninyamazia.

Ndipo akasema, taratibu, "Kaka Ndekirwa. Hii theluji ya kwenu, mlikuwa mnaikanyagia wapi?"

Uongo unahitaji nguvu, na mimi nguvu zilikwisha njiani. "Hatuikanyagi," nikasema. "Iko juu kabisa, mwendo wa siku kadhaa. Tunaiona asubuhi, kabla ya mawingu kuifunika. Mama yangu huitazama akiteka maji."

"Wewe je?"

"Na mimi naitazama. Nateka maji."

Akafumba macho. Nilidhani amezimia. Kumbe anatafuta maneno. "Sasa hata mimi mwezi nauona tangu utotoni," akasema. "Ungeniomba nikupeleke?"

Nikalivuta koti nikamfunika mabega.

"Kuiona theluji si kuikanyaga, kaka. Lishike hilo. Mimi nitalikumbuka kila nikipanda ngazi."

Kisha akaanza kusema ana usingizi. Nilikuwa nimesikia darasani kwamba mtu akipata usingizi kwenye baridi ile, usingizi huo haurudishi watu. Nikamwambia, "Usilale. Nitukane."

"Nimechoka."

"Nitukane hivyohivyo ulivyochoka. Anza na Wachaga wote, halafu uje kwangu."

Wajukuu zangu, watu wa pwani ya kusini wamejaliwa ulimi. Alianza pole pole. Akasema mimi ni mgomba uliozaa kelele. Akasema mama yangu angebaki kutazama mlima asinizae. Akasema nikifa niandikiwe kaburini: hapa amelala mtaalamu, alikuwa anaona kwa mbali. Akinyamaza namtikisa, akitikisika ananiongezea. Nilikuwa natetemeka bila koti, nimetukanwa hadi babu wa nne, na sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule. Kila tusi lilikuwa na maana kwamba yu hai.

Arvid alitufikia na mkokoteni wa kuburuta kwenye theluji, baada ya kuhesabu watu na kukuta tumepungua. Alimfunga Somoe mguu, akamviringisha mablanketi, ndipo akanigeukia. Sikuwahi kuona mtu mwenye hasira iliyotulia namna ile.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilichoka kueleza," nikamjibu.

"Basi pumzika," akasema. "Halafu utamweleza mama yake."

Nilimweleza. Barua ile niliiandika mara saba. Jibu lilichukua wiki sita kufika, nalo lilikuwa na mstari mmoja: *Mwanangu, umeniambia ulichokiona, aliyekikanyaga ameniambia mwenyewe.* Somoe alikuwa amemwandikia mama yake kabla yangu, na yale maneno yake ya theluji yalikwisha kufika Lindi.

Kiangazi kile wenzetu walipoingia msituni, Somoe alibaki kitandani, na chuo kikataka kumrudisha nyumbani. Nikaenda kwa mkuu wa chuo nikasimama mbele ya walimu wote, Arvid akiwa amekaa pembeni na mikono kifuani, nikasema niliyoyasema mlimani. Yote: sinki, picha, hatua moja, visigino. Ulikuwa mkutano mfupi na nilitoka nimezeeka. Walimruhusu arudie mwaka. Mwaka uliofuata alitembea msitu wote kwa fimbo, nami nikamchukulia mnyororo wa kupimia na begi lake, maana mimi nami nilikuwa nimerudishwa mwaka, kwa haki kabisa. Nilikuwa nikifungua mdomo kumweleza mtu jambo lolote, Somoe anagonga fimbo chini mara moja. Nafunga mdomo.

Cheti alikipata. Baada yake walitoka Lindi wasichana wengine watatu. Anachechemea mpaka leo, na maneno yake yamechechemea naye ofisi hadi ofisi, msitu hadi msitu, mpaka yakafika kwa Mama Nsia ambaye hajui hata Norwe iko upande gani. Asubuhi aliposema, nilimwaga chai.

"Na wewe, Babu?" Aikaeli ameniuliza sasa hivi. "Kuteleza ulijifunza?"

Nilijifunza. Arvid alinipeleka kwenye kile kiteremko kidogo, nikapangwa mstari na watoto wa miaka mitano. Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Walinipita wote.

Haya, nipe hicho kisu nikinoe. Naona Aikaeli hakitaki tena. Anasema leo atamshika mbuzi miguu tu, baba yake mdogo achinje, yeye aangalie mikono inapopita. Mwakani tutaona.

Na kabla hamjatoka, fungueni huo mlango. Mawingu yameondoka, Kibo iko wazi. Itazameni vizuri. Nimekanyaga theluji ya watu, nimezama ndani yake, nimevunja mguu wa mwenzangu juu yake. Hii ya kwetu mpaka leo naiangalia tu nikiwa na kikombe mkononi, na mtu akiniuliza ikoje, namwambia sijui.

Kuiona theluji si kuikanyaga.